Kimea cha Bonifasia

Bonifasia hakujua kukaa. Watu wa mtaa wake kambini, kule upande wa Kasulo, walikuwa wakimtania kwamba bibi huyu akikalia kigoda, kinachochoka kwanza ni kigoda. Asubuhi utamkuta kwenye foleni ya maji, ukigeuka yuko kwenye foleni ya kuni, na foleni zikiisha anatembea tu na mjukuu wake mgongoni, turubai hadi turubai, akisimama, akisahau alichosimamia, akiendelea na safari isiyo na mwisho. Wapo waliodhani vita vimemharibu kichwa. Hawakumjua. Alikuwa hivyo tangu usichana wake kwao Giteranyi, ng'ambo ya mpaka, na kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini ilimtaka awe hivyo hivyo.

Alikuwa mpika pombe ya mtama. Anayedhani hiyo ni kazi ya kuketi na kupiga soga hajawahi kuifanya. Mtama unaloweshwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba, unanyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Ukianza kuchipua unageuzwa na kugeuzwa, maana ukiusahau unashika joto na kuoza. Kisha unaanikwa, unafikichwa vichipukizi vyote vitoke, unasagwa, ndipo unapopata unga wa kimea. Bonifasia aliwahi kuinuka kwenda kugeuza mtama siku ile ile aliyojifungua Minani, mwanawe wa pekee, na wakunga walimsema sana.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kipimo. Kimea hakitiwi kwenye maji yanayotokota, kitakufa. Ipua chungu, subiri, chovya kidole, halafu taja taratibu jina la yule anayepikiwa. Kidole kikikimbia kabla jina halijaisha, bado maji ni ya moto mno. Kikistahimili mpaka jina liishe ndipo kikimbie, tia kimea. Ukiweza kulitaja jina mara tatu umechelewa, washa moto upya. Maharusi wote wa kilima chao walipita kwenye kidole cha Bonifasia kabla ya kufika kanisani.

Jina la mwisho alilolitaja juu ya chungu lilikuwa la Minani. Mwanawe alikuwa amepata binti, wakamwita Ishimwe, na bibi akapika pombe ya kushukuru. Walikunywa mchana kutwa. Kulipopambazuka bunduki zikasikika bondeni, na kila mwenye miguu akakimbia, isipokuwa Minani, aliyekuwa amelala usingizi wa pombe ya mama yake. Bonifasia alimtikisa, akampiga makofi, akamkokota hadi mlangoni. Hapo akamwacha, kwa sababu mkwewe alikuwa mzazi mbichi mwenye kichanga mkononi na asingefika popote peke yake. Habari yote ni hiyo. Alipoulizwa zaidi alisema hana zaidi.

Walipovuka mpaka pale Kobero alikuta kifuko cha kimea bado kimefungwa kiunoni mwake. Alikitupa kichakani, akaapa kwamba mkono wake hautagusa tena kitu kile. Kambini akajiunga na kikundi cha sala cha Priscila, mwanamke mwenye sauti nene na moyo mkubwa, aliyemkatia nusu ya turubai lake ajijengee kabla hata hajamuuliza jina. Bonifasia alirudia kiapo mbele ya kikundi kizima, wakamwimbia. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao alilia mbele za watu.

Mvua za kwanza zilikuja na homa, homa ikaondoka na mkwewe. Akabaki yeye na Ishimwe. Mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta kidogo, na bibi kwa mapenzi yake akamnyima mtoto maharage, akisema yatamjaza tumbo upepo, akampa uji wa mahindi mtupu. Baada ya muda miguu ya mtoto ikatuna, mashavu yakajaa. Majirani wakampongeza kwa malezi mema. Bonifasia mwenyewe alifurahi mpaka siku alipobonyeza unyayo wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale kama alama ya gumba kwenye udongo wa kufinyangia. Nywele nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu.

Ishimwe alilazwa wiki mbili kwenye hema la lishe, akinyweshwa maziwa ya tiba. Vitanda vya pande zake zote mbili vilikuwa na watoto, na wote wawili walitolewa wakiwa wamefunikwa. Kwa hiyo aliporuhusiwa, miguu ikiwa bado imetuna kidogo, bibi yake alimfunga mgongoni na kutoka nje upesi kabla mtu hajabadili mawazo.

Nesi wa kliniki aliitwa Claudia, mwenyeji wa Nyamiaga, upande huu wa mpaka. Kihangaza chake na Kirundi cha wakimbizi vilikaribiana kiasi kwamba hakuhitaji mkalimani, na alipogomba kila mtu alielewa. Aliwaeleza walezi kwamba tumbo la mtoto mgonjwa ni dogo. Uji mwepesi ni maji matupu, unamjaza bila kumlisha. Uji mzito una chakula, lakini mtoto dhaifu hawezi kuumeza. Dawa ya hapo ni kimea. Pika uji mzito wenye unga wa mahindi na maharage yaliyopondwa, uipue, upoe kidogo, tia kijiko cha kimea, utalainika wenyewe bila kuongezwa maji. Akawagawia kila mmoja kopo la mtama wa kuchipusha. Mwishowe akamwambia Bonifasia kwamba Ishimwe atapimwa Alhamisi mbili mfululizo baada ya kimea kuwa tayari, na kama ya pili itamkuta unyayo wake bado unadidimia ukibonyezwa, atarudi hemani.

Bonifasia alitoka pale na kopo mkononi. Katika nafaka zote za dunia, ameletewa mtama, na katika kazi zote, ile aliyoiapia.

Aliuchipusha. Mikono haikumuuliza ruhusa, iliulowesha na kuufunika na kuugeuza kama haikuwa imepumzika hata siku moja. Priscila aliinua gunia lililoufunika siku ya tatu, akaona mizizi myeupe. Kisha akasema kwa upole kwamba kimea ni mama wa pombe, na kiapo ni kiapo. Alipoelezwa kuwa ni agizo la kliniki alitafuta njia ya katikati. Basi dada akitie kwenye uji tangu mwanzo, akichemshe sana, mpaka pombe iliyomo yote ife.

Bonifasia hakubisha, na hapa ndipo tusimlaumu Priscila peke yake. Bonifasia alijua vizuri kuliko mtu yeyote kambini kwamba kimea kikitokota kinakufa. Ndicho alichokitaka. Alitaka kumtii nesi na kukitii kiapo kwa mwiko mmoja. Akatia kimea tangu maji ya baridi, akawasha moto mkali, akakitokosa mpaka akaridhika kwamba hakuna tena kitu hai ndani ya sufuria ile.

Uji ukabaki mzito vile vile, mwiko ukisimama wima. Ishimwe aliuonja, akageuza uso, akatema. Bibi akauongeza maji. Mtoto akanywa, akakojoa, akalia njaa. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alhamisi ya kwanza mizani ilionyesha vile vile tu, na Claudia aliandika bila kuinua macho. Bonifasia alirudi akiwa na hasira na mtama, na nesi, na yeye mwenyewe. Alianza kuwaza kwamba huenda Mungu amekataa kimea kutoka mkononi mwake, na wazo hilo lilimfukuza nje ya turubai kila alipojaribu kukaa.

Ndivyo alivyoishia shuleni. Shule ilikuwa turubai refu lililo wazi pande zote, na Ishimwe alikuwa akinyamaza kulia akisikia watoto wakiitikia somo, basi bibi akazoea kusimama nyuma akimbembeleza. Mwalimu Fideli, kijana aliyekuwa akifundisha sayansi kabla ya kukimbia, alimzoea pia. Alikuwa akimwamkia shikamoo kutoka mbele ya darasa, anaitikiwa marahaba, somo linaendelea.

Siku moja Fideli alikuwa na uzi aliotungia punje: mahindi, maharage, kunde, mtama. Aliwaambia wanafunzi wazichukulie zile punje kuwa ndizo amino asidi. Zipo za aina ishirini, na uzi wenye punje zilizopangwa kwa mpango wake ndio protini. Mpango ukibadilika, protini nayo ni nyingine. Kisha akaukunja ule uzi kwenye kiganja mpaka ukawa kifundo. Uzi hauishi umenyooka, alisema, kila protini ina mkunjo wake, na kazi yake inatoka kwenye mkunjo huo. Akawauliza kama wanaijua ngata ambayo mama zao huweka kichwani chini ya mtungi. Wakacheka, nani asiyeijua. Ni jani la mgomba lililokunjwa, akasema. Ukilifungua, jani ni lile lile, lakini halibebi mtungi tena.

Halafu akatoa yai. Watoto wa nyuma walisimama, maana yai halikuonekana kila siku. Alilipasua, akamimina ute wake kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kutokota, na ule ute uliokuwa wazi kama maji ukageuka mweupe, ukagandamana. Moto umeifungua mikunjo, akaeleza, na nyuzi zimeshikana ovyo. Hata ukiurudisha kwenye baridi mwaka mzima hautakuwa ute tena.

Bonifasia alisahau kubembeleza.

"Mwalimu," aliuliza kutoka nyuma, na watoto wote wakageuka, "maharage tunayachemsha nusu siku. Nayo tunayaua?"

Fideli hakucheka. Alisema swali hilo lilipaswa kutoka kwa wanafunzi wake.

"Mkunjo umefunguka, bibi, lakini punje za uzi zimo zote. Tumbo halitaki mkunjo wa harage, linataka punje zake. Linazichambua moja moja, kisha mwili wa mtoto unajitungia nyuzi zake, nyama, nywele, damu. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke chunguni. Kuna moja ambayo mahindi yanayo kidogo sana, na maharage yanayo tele, ndiyo maana havitenganishwi."

Akamwangalia mtoto aliye mgongoni, miguu iliyotuna ikining'inia, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba katika damu kuna protini inayoyashika maji yasivuje, na ikipungua, maji hukimbilia miguuni.

"Na kimea?" Bonifasia aliuliza.

"Kimea ni kitu kingine. Maharage unayatia yaliwe, kimea unakitia kifanye kazi. Ndani yake kuna protini inayokata wanga vipande vipande, uji unalainika. Hiyo inauhitaji mkunjo wake. Ukiichemsha, umemleta fundi kazini ukamkata mikono."

"Na pombe iko wapi ndani yake?"

"Haimo, bibi. Pombe huja baadaye, inaletwa na hamira."

Hilo Bonifasia alilijua. Kwa miaka thelathini alionja kimea kilichotoka chunguni kikiwa kitamu bila kulevya hata nzi, akakisubiri siku tatu mpaka kikachachuka. Alilijua kidoleni na akalikataa moyoni, kwa sababu alihitaji kitu cha kuchukia kilicho nje ya nafsi yake. Aliona haya, aibu ikawa hasira, na akaondoka bila kuaga. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kugombea ute wa yai.

Ilikuwa adhuhuri alipowasha moto. Alipika unga na maharage yaliyopondwa mpaka mwiko ukakwama, akaipua sufuria, akachota uji kidogo juu ya kitako cha kikombe, akaona mvuke unapungua. Akachovya kidole. Alifungua mdomo ataje jina la Ishimwe, na jina lililotoka likawa Minani.

Hakuweza kuendelea wala kuacha. Kidole kilibaki ndani mpaka maumivu yalipokiondoa yenyewe, na ngozi ilikuwa imebabuka. Alikaa akikipuliza na machozi yakimtoka, akimwomba mwanawe msamaha kwa sauti, bila kujali kwamba turubai halina ukuta wa kuzuia sikio la jirani. Mtoto akalia, na kilio hicho kikamwinua. Akachovya kidole kingine. "Ishimwe," alisema taratibu, na kidole kikamaliza jina ndipo kikakimbia.

Akatia kimea, akakoroga. Mwanzoni hapakuwa na kitu, halafu mwiko ukaanza kuteleza. Uji uliokuwa kifusi ukalegea, ukang'aa, ukaanza kuchuruzika bila tone la maji kuongezwa. Alisubiri kidogo, akaurudisha motoni uchemke mara moja kwa usafi, kwa kuwa fundi sasa alikuwa amemaliza kazi yake. Harufu tamu ya kimea ikatoka nje ya turubai na kumleta Priscila mlangoni.

"Dada Bonifasia," Priscila alisema, "hiyo ni harufu ya pombe."

"Ni harufu ya kimea. Pombe inataka siku tatu, na mtoto huyu hana siku tatu."

"Uliapa mbele yetu."

"Niliapa. Mwambieni Mungu nimevunja. Sasa nishikie kikombe, mkono wangu mmoja umeungua."

Priscila alikitazama kikombe muda mrefu, akageuka, akaenda zake. Jioni ile kikundi kilimtuma mtu kumwambia Bonifasia asije kwenye sala mpaka atakapojirudi. Iliuma. Wale ndio waliokuwa ndugu zake wote duniani, na sasa walipita mbele ya nusu yake ya turubai wakitazama mbele. Lakini Ishimwe alikuwa amemaliza kikombe kizima, taratibu, akilamba mdomo, na baada ya saa chache alitaka kingine.

Alhamisi ya pili ilifika baada ya siku nne. Bonifasia alimning'iniza mtoto kwenye mizani akijiamini, na mshale ukasimama chini ya pale uliposimama mara ya kwanza. Mtoto alikuwa amepungua. Aliona moyoni vile vitanda viwili vya hemani, akamnyakua mtoto kwenye mizani na kuanza kumfunga mgongoni, tayari kukimbia, ingawa hakujua anakimbilia wapi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Bonifasia alikuwa amekwisha kulia vya kutosha.

Claudia alimshika kanga.

"Mama, tulia. Nipe mguu."

Aliubonyeza unyayo kwa gumba, akahesabu, akaondoa. Shimo lilikuwepo, lakini jepesi, na lilikuwa likijaa lenyewe polepole. Claudia alieleza kwamba kilichopungua ni maji. Damu imeanza kuyashika tena, mtoto anayakojoa, na mtoto aliyetuna lazima apungue kwanza ndipo anenepe nyama ya kweli. Alimpa wiki moja zaidi. Akauliza uji anaupikaje, na alipoelezwa habari ya kidole na jina akasema kliniki nzima haina kipimajoto cha kuazima, hivyo watu waendelee na majina.

Wiki ile Bonifasia hakuacha miguu ya mtoto ipumzike. Aliibonyeza akiteka maji, akaibonyeza kwenye foleni ya kuni, akaibonyeza mtoto akiwa amelala. Wakati mwingine aliona shimo ni dogo, wakati mwingine akaliona limerudi, na akaamini alichoona mwisho. Aliacha kula maharage yake mwenyewe ili yamtoshe Ishimwe. Watu walianza kumkwepa kwa ajili ya mambo mawili, kiapo na unyayo.

Jumatano, siku moja kabla ya kupimwa, alikuwa ameinjika sufuria Priscila alipoingia. Hakubisha hodi wala hakutaja kikundi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa binti yake, na alipomshusha Bonifasia hakuhitaji kuambiwa, aliona miguu. Priscila aliketi karibu na moto, akachukua mwiko kutoka mkononi mwa mwenzake, akakoroga. Baada ya muda akauliza, akitazama uji, jina linalotajwa ni la nani.

"La atakayekunywa," Bonifasia alisema.

Wakaipua. Priscila alikunja mkono wa blauzi, akachovya kidole, akakitoa haraka. Bado. Wakangoja. Ishimwe alikuwa amelala chali kwenye mkeka, akichezea pindo la kanga, na mkono wa bibi yake, usiojua kukaa, ukauendea mguu wake. Gumba likabonyeza unyayo. Bonifasia alihesabu kama alivyomwona nesi akihesabu, akaondoa gumba.

Hapakuwa na shimo.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, mahali pengine. Nyama ilirudi upesi kana kwamba haikuguswa. Akaubonyeza mguu wa pili, na Ishimwe, aliyekwisha kuchoka na mchezo huu wa wiki nzima, akamrushia teke la kifuani.

Nyuma yake Priscila alikuwa amechovya kidole tena. Alitaja jina la mjukuu wake mpaka mwisho, akakitoa, akauliza kama atie kimea sasa. Bonifasia alimwambia atie tu, asimngoje. Alikuwa ameketi chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele, mtoto juu ya mapaja, na akasema kwamba leo hawezi kuinuka.